Kengele Itundikwe Nyumba Ipi

Nyakina, Rorya
12 Februari 1995

Mume wangu Owiti,

Marahaba. Najua shikamoo unayo mdomoni, hata kama tangu Krismasi hujaiandika. Mimi bibi yako sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri kila nikipanda kilima. Shangazi yako Akinyi kajifungua msichana na wamempa jina langu, kwa hiyo sasa tuko akina Akumu wawili, na mmoja hana meno. Usiulize ni yupi. Mbuzi mweusi kazaa pacha. Baba yako Venant bado hajaandika kutoka Geita. Na wewe unaoa lini? Au bado unaningoja mimi?

Haya, salamu zimetosha. Sabato iliyopita tukiwa kanisani mtumbwi wa babu yako ulizama palepale ulipotia nanga. Hapakuwa na upepo wala mawimbi. Pamba imeoza kwenye maungio ya mbao, maji yakaingia kidogo kidogo, na tulipotoka ibadani tukakuta pua tu ndiyo iko juu. Injini ilikuwa imefungwa nyuma. Imekunywa ziwa. Fundi ameifungua kipande kipande kwa siku nne, na bado inakohoa. Unajua injini ile ndiyo inayolisha nyumba mbili, yangu ya kilimani na ile nyingine ya chini.

Babu yako alikuwa wapi? Kanisa limemweka kando tangu alipomwoa Odeta, lakini Sabato bado anaiogopa, siku hiyo hagusi wavu. Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya Odeta, karibu kabisa na maji, ametazama kwingine. Nahodha wake, Kashindye, alimwita kutoka mwaloni, pale penye mitumbwi, mpaka sauti ikamkauka, mzee hakuinuka. Mtu akishiba mapenzi mapya hasikii la mtu. Tangu viwanda vya Mwanza vianze kugombea sangara, wazee wa mwalo huu wamegeuka vijana.

Sasa wewe ni fundi redio. Nitengenezee kitu kitakachopiga kelele maji yakizidi kwenye mtumbwi, na kelele hiyo isikike nyumbani kwangu. Isilie mtumbwini, kule nani ataisikia, kambale? Ilie nyumbani kwangu. Na isizidi bei ya kuku wawili, maana babu yako hatatoa hata unyoya kwa kitu asichokiamini.

Usiniulize kwa nini iwe kwangu. Mimi ni mke mkubwa. Tena mwenye mtumbwi atalazimika kulala penye kengele, lakini hilo mimi sijaliandika, wewe ndiye umelisoma.

Barua hii anakuletea Yeremia, dereva wa gari la samaki. Mjibu kwa mkono wake huohuo.

Bibi yako,
Akumu


Igogo, Mwanza
5 Machi 1995

Mke wangu wa kwanza, Bibi Akumu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi zipo, umeme ndio haupo kila siku. Mpongeze shangazi Akinyi. Mwambie huyo Akumu mdogo nikimwona nitalipa mahari, wewe umeshaanza kuwa mkali.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za mtumbwi. Mara ya pili nilisoma habari za mwenye mtumbwi. Nimeelewa zote.

Nilimweleza Mzee Shimba, bosi wangu, akacheka na kusema mnunulieni mbwa. Lakini wiki iliyopita kwenye robota la mitumba pale sokoni wamefungua wakakuta, katikati ya makoti ya watoto, redio mbili za kuchezea, zile mtoto mmoja anabonyeza huku mwenzake anasikia kule. Hakuna aliyezitaka kwa sababu hazina betri na watu hawajui ni za nini. Nimezipata kwa bei ya kuku mmoja na nusu. Moja ina kitufe ambacho ukikibonyeza haisemi, inapiga mlio tu, na mwenzake huko aliko analia. Nikasema, haya, kidole cha mtoto nitakitoa, nitaweka maji.

Nimefanya hivi. Nimechukua boya dogo la wavu nikalichoma kwenye spoku ya baiskeli. Maji yakipanda, boya linapanda, spoku inagusa kipande cha shaba, na hapo ni sawa na kidole kimebonyeza. Upande wa mtumbwini hauli betri hata kidogo mpaka maji yaguse. Nimejaribu kwenye beseni la mama mwenye nyumba, Wilhelmina. Taabu ni kwamba kila mtu akipita uani beseni linatikisika na kengele inalia. Mtumbwi nao haukai kimya. Kwa hiyo boya nimelifunga ndani ya dumu la mafuta ya kula lenye matundu madogo chini, mawimbi yabaki nje, maji yaingie kwa adabu. Sasa linatulia.

Mzee Shimba, pamoja na kicheko chake, ameshika moja akatembea nayo hadi relini. Hatua mia tano, na bado ililia mpaka akaogopa.

Niambie mtumbwi wa babu kwa kawaida unakuwa na maji kiasi gani, nijue boya likae wapi.

Mjukuu wako,
Owiti


Nyakina
2 Aprili 1995

Mume wangu,

Marahaba, na hongera kwa akili. Hiyo hukuipata upande wa babu yako.

Kwetu mvua zimeanza. Akumu mdogo ananenepa. Gugu maji limefunga nusu ya mwalo, wavuvi wanasukuma kwa miti kabla ya kuwasha injini.

Umeuliza maji kiasi gani. Vidole vinne. Wewe umekaa mjini umesahau: mtumbwi mkavu kabisa ni mtumbwi unaoharibika. Mbao lazima zinywe ndipo zivimbe na kushikana, zikikauka zinaachana. Kila mwenye mtumbwi hapa anaacha maji kidogo chini ya sakafu makusudi. Ungeweka kengele yako ilie kwa tone la kwanza, ingelia tangu Jumapili hadi Sabato na tungeitupa. Basi vidole vinne ni salama, cha tano kilie. Vidole vya babu yako, si vyangu. Nakutumia kijiti nilichokikata sawasawa na mkono wake akiwa amelala usingizi wa mchana.

Nimehesabu na hatua. Kutoka mtumbwini mpaka mlangoni kwangu ni mia nne na kumi. Hadi kwa Odeta ni mia mbili, lakini hilo halituhusu.

Sasa sikia nilivyofanyiwa. Unajua katika boma letu mke mkubwa ndiye hutupa mbegu kwanza, wengine wakafuata. Tangu bibi wa bibi yangu ni hivyo. Nilimwambia babu yako jioni, kesho napanda. Hakunijibu. Kulipokucha nashuka na jembe, nakuta Odeta yuko katikati ya shamba lake, mistari mitatu imeshafukiwa. Nikamuuliza nani kakuruhusu. Akasema mzee. Owiti, sikupanda siku ile. Nilirudi nikakaa jikoni mpaka jua likashuka.

Si hilo tu. Naongea na mume wangu, hanijibu. Naweka chakula, namwambia kuna kachumbari, anainuka kwenda kutafuta chumvi. Nikimwambia habari ya maana anaitikia "ndiyo" kwenye swali la "lini". Lakini nikipita njia ya chini nasikia anacheka kwa Odeta, kicheko cha kushika mbavu. Na yule mwanamke ana sauti ya mtu anayeita kivuko. Mimi mama yangu alinifunza kwamba sauti ya mwanamke mwenye heshima haivuki ua wake. Nimekaa na sauti yangu ya chini miaka arobaini na moja ya ndoa, na babu yako mwenyewe aliwahi kuniambia ndiyo iliyomleta. Leo anapenda kelele.

Maliza hiyo kazi haraka.

Akumu


Igogo
7 Mei 1995

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote.

Yeremia anakuletea mzigo. Lile dumu lenye boya lifungwe nyuma ya mtumbwi, karibu na injini, lisimame wima. Kijiti chako nimekigandisha pembeni kuonyesha kimo. Hicho kiboksi kilichofungwa kwenye mpira wa baiskeli ndicho kinachotuma, kisilowe, na waya wake mrefu usimame juu. Ile nyingine ndiyo inayolia, ikae imewashwa wakati wote. Kila upande betri sita za tochi. Zikichoka zianikwe juani, zitafanya kazi siku mbili tatu zaidi.

Kuna jambo moja. Ile inayolia lazima iwe kwenye nyumba iliyo karibu na maji. Kilimani haitafika. Mawimbi ya redio za namna hii hayavuki mawe. Kashindye ameshaelezwa.

Wasalimie.

Owiti


Nyakina
28 Mei 1995

Owiti,

Sianzi na salamu, zitakuja zenyewe nikipoa.

Kengele yangu imetundikwa kwenye msumari nyumbani kwa Odeta. Msumari mpya. Babu yako aliugonga mwenyewe, yeye ambaye mlango wa ghala langu umening'inia tangu masika ya mwaka jana.

Na imelia. Sabato ya tarehe ishirini mimi niko kanisani, Odeta Mkatoliki yuko nyumbani, maji yakafika kidole cha tano. Akasikia, akatoka mbio na ndoo, akamwita Kashindye kwa sauti ile ya kivuko, wakayakumba maji, injini haikulowa hata tone. Natoka ibadani nakuta mwalo mzima unaimba jina lake. Odeta kaokoa mtumbwi. Odeta ana masikio. Mama mmoja muuza dagaa ananiambia mimi, usoni, kwamba nyumba ya mzee Oyoo imepata mwanamke macho. Kengele nimeiomba mimi, kuku nimeuza mimi, vidole nimepima mimi, sifa kabeba yeye. Kweli mchuma janga hula na wa kwao, lakini mchuma kengele hata kuisikia haruhusiwi.

Tangu siku hiyo babu yako halali kilimani kabisa. Anasema ni kwa ajili ya kengele. Ananiambia akiwa ametazama miguu yangu.

Umeniandikia mawe. Mawe gani? Mwezi wa tatu uliniandikia hatua mia tano, kwa mkono wako. Sasa mia nne na kumi zimekuwa nyingi?

Na lingine. Katikati ya Aprili babu yako alipanda gari la Yeremia akisema anakwenda Musoma kutafuta nyavu. Karudi baada ya siku tatu bila wavu hata wa kufunikia maziwa. Kama ana mwanamke wa tatu huko nieleze, nijipange mapema.

Akumu mdogo ameota jino. Hiyo ndiyo salamu.

Bibi yako


Igogo
25 Juni 1995

Bibi yangu,

Shikamoo sana. Nisamehe kuchelewa, gari la Yeremia lilikatika springi pale Magu, barua yako ilikaa na barafu siku nne.

Hapa Mwanza ni kampeni kila kona, vyama vimekuwa vingi kuliko redio. Sisi ni neema kwetu, kila mtu analeta spika yake tuiongezee nguvu. Jumapili nilikwenda Bujora na wenzangu kutazama ngoma za mavuno, mtu anacheza na chatu shingoni huku anatafuna muwa. Nimekula wali mwingi. Mama Wilhelmina anakusalimu na anasema beseni lake sasa linavuja. Umeme ulikatika wiki nzima. Viatu vyangu vile vya kahawia vimeisha.

Kuhusu kengele, jambo la msingi ni kwamba inafanya kazi na mtumbwi ni salama. Mawe ya kwetu ni tofauti na reli. Waya naweza kuuongeza lakini sina hakika. Bibi, mambo mengine ukiyaacha yanapoa yenyewe.

Hakuna mwanamke wa tatu. Hilo nakuapia.

Owiti


Nyakina
16 Julai 1995

Owiti, mwana wa mwanangu,

Nimeona umeandika ukurasa mzima wa wali na viatu. Mimi nami nina habari.

Alhamisi Odeta alikwenda Shirati kliniki. Nilishuka, nikaingia nyumbani kwake, nikaitungua kengele kwenye msumari wake mpya, nikaitia ndani ya kanga, nikapanda nayo kilimani. Ndiyo, niliingia nyumba ya mwenzangu bila hodi. Nimeandika hapa ili usije ukasikia kwa mwingine. Kashindye nilishamwambia, nikikupungia kitambaa inua boya kwa mkono wako.

Nikaiweka jikoni kwangu, mlangoni. Nikapunga.

Ililia, Owiti. Kuku walitawanyika. Mbuzi mweusi alikata kamba. Mawe yako hayakuizuia hata kidogo.

Sasa nikuambie kilichonikata maini. Babu yako alikuwa amepanda siku hiyo kuchukua wavu wa zamani, amekaa uani kwangu anashona, mgongo wake umenielekea, hatua sita kutoka mlangoni. Kengele ile, inayolinda injini yake, ambayo kwa ajili yake analala bondeni kila siku, inalia mgongoni kwake mpaka bati linatetemeka. Hakugeuza hata shingo. Aliendelea kushona. Nikajua sasa: kilicho kwangu hata kikilia moto, kwake ni kimya. Kengele ileile kwa Odeta analala chini yake, kwangu si kitu.

Niliirudisha kwenye msumari kabla yule hajarudi.

Wewe nilikubeba mgongoni mama yako alipokuwa mgonjwa. Nilikutafunia viazi. Umekaa Igogo ukamjengea Odeta ndoa kwa mikono yako, halafu ukanisingizia mawe. Wivu ninao, sikatai, unanila kama mchwa. Lakini wivu wangu una sababu. Uongo wako una sababu gani?

Usiniandikie mpaka uwe na neno la kweli.

Hellen Akumu


Igogo
6 Agosti 1995

Bibi,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Nilidanganya. Mawe hayazuii chochote. Nilikuwa nimeapa, na leo nakivunja kiapo, Mungu na babu watanihukumu.

Babu hakwenda Musoma. Alikuja hapa Igogo, tarehe kumi na nane Aprili. Aliniletea sangara mzima kwenye gunia, akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia, "Ongea ukinitazama." Nikadhani ana hasira na mimi. Nikaongea, akawa anatazama mdomo wangu kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Masikio yake yameondoka, Bibi. La kushoto lilianza mwaka juzi, la kulia linafuata. Nilimpeleka kwa daktari wa masikio hapa mjini. Alisema ni umri, na miaka yote ile ya kukaa ubavuni mwa injini. Kuna vyombo vya kuchomeka sikioni lakini vinatoka nje, na kwa bei yake angenunua injini nyingine. Sauti kubwa anaipata nusu. Mlio mwembamba kama wa kengele yangu haupati kabisa. Sauti ya chini haipati kabisa.

Kashindye alikuwa amemweleza habari ya kengele uliyoniagiza. Akaniambia hivi, nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Ikikaa kwa Akumu, siku moja italia mimi nimekaa, na yeye ataniona nimekaa." Akaniapisha niseme haifiki kilimani. Nikamuuliza, na Odeta je, hatajua? Akasema, "Odeta anajua tangu mwezi wa kwanza kuolewa. Odeta akijua si neno. Yeye alinikuta mzee. Akumu alinikuta kijana."

Nikaenda kuandika ule uongo wa mawe.

Ukitaka kunilaani, laani. Lakini babu usimwambie kwamba nimesema.

Owiti


Nyakina
10 Septemba 1995

Mume wangu Owiti,

Marahaba. Zile mbili za nyuma pia, marahaba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisomea nyuma ya ghala na sikutoka huko haraka. Ulitegemea nilie kwa huruma. Huruma ilikuja siku ya tatu. Kwanza nililia kwa wivu, na sioni haya kukuandikia. Mume wangu ana aibu, na aibu hiyo kampa mwanamke mwingine aitunze. Angempa ng'ombe wote nisingeumia hivi. Ng'ombe angempa yeyote. Miaka miwili yule mtoto anajua kitu cha mume wangu ambacho mimi sikijui, anakutana nami kisimani, ananiamkia, na hakuna siku kilimponyoka. Hata hilo nimemwonea wivu, kwamba anaweza kunyamaza, yeye mwenye sauti ile.

Nikaanza kurudi nyuma, moja moja. Mbegu. Nilimwambia kesho napanda, nilimwambia kwa sauti yangu ya heshima naye amegeukia ziwa. Hakusikia kitu. Bila shaka Odeta alimuuliza kama mama mkubwa ameshapanda, naye akadhani nimepanda, akasema ndiyo. Kachumbari. Kashindye kumwita siku mtumbwi unazama. Na siku ile ya kuku kutawanyika, mgongo ule, Owiti, nilioutukana kimoyomoyo wiki nne nzima. Nimegombana na mtu ambaye hakuwahi kusikia ugomvi wenyewe.

Nilijiuliza nifanye nini. Kupaza sauti siwezi, nimejaribu porini nikatisha mbuzi tu. Na nikianza leo kumpigia kelele, atajua ninajua, na hilo ndilo alilolikimbia mpaka Mwanza.

Basi Jumatano alipanda kuchukua kamba. Nikasimama mbele yake, penye mwanga, nikasema taratibu, "Baba Venant, masikio yangu yameanza kuniaga."

Alinitazama mdomo. Nikadhani ameuona uongo. Akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya siku hizi, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu masika. Akaacha kamba chini, akavuta kigoda, akakaa karibu nami kuliko alivyokaa mwaka huu mzima.

"Usihangaike," akasema. "Mtu akiongea mtazame mdomo, macho yaache. Usikae giza. Wakiwa wengi kaa pembeni uwaone wote. Na ukishindwa kabisa, cheka. Cheka sana, watadhani umesikia."

Owiti, nilivumilia yote mpaka hapo. Nilikumbuka vicheko vyote nilivyovisikia nikipita njia ya chini.

Sasa kazi yako. Tafuta tena kwenye marobota redio ya namna ile, hata kama ni ya kuku watatu. Nimemwambia babu yako utanitengenezea kengele isiyolia, ya kuwaka, kwa kuwa mke wake mkubwa amekuwa kiziwi. Amekubali bila kuuliza bei. Ile ya sauti ibaki kwa Odeta, masikio yake ni mazima na mtumbwi unatulisha sote, sina ugomvi na msumari wake tena, au ninao kidogo. Ya kwangu iwe na glopu, nyekundu ukipata, nzuri ya kuonekana hata mchana. Nitaiweka ukutani mkabala na kigoda chake. Maji yakifika kidole cha tano tutaiona sote wawili, na hakuna atakayejua nani aliiona kwanza.

Hiki kiapo ulichokivunja nimekishika mimi. Usiseme neno kwa mtu. Akija kukueleza kwamba bibi yako hasikii, msikitikie.

Anapanda kila jioni sasa, kabla jua halijazama, kunifundisha. Tunakaa uso kwa uso. Anataja neno bila sauti, mimi nakisia. Halafu zamu yangu, yeye anakisia, na yeye hodari kweli. Mimi najifanya mzito, nakosea makusudi, arudie. Jana tukiwa hapo Odeta alipita njiani na kuni kichwani, akatusalimu kwa sauti yake ile ya kuita kivuko mpaka ng'ambo. Babu yako akataka kugeuka. Nikamshika kidevu nikamwambia endelea. Mimi sikusikia mtu.

Akumu